Paa, Bodi na Abiria: Maumbo ya Magari katika Historia ya Usafiri Wilayani Rungwe

1.0 Utangulizi

Historia ya usafiri katika Nyanda za Juu Kusini imeandikwa zaidi kupitia barabara na reli kuliko kupitia magari yenyewe. Katika maandishi mengi gari hutajwa kama chombo kilichokwisha kukamilika: lilinunuliwa, likaletwa, likabeba mazao. Umbo lake halijadiliwi. Hata hivyo, magari mawili yenye injini moja na chesisi moja yanaweza kuwa na historia tofauti kabisa kwa sababu moja limefungwa bodi ya bati yenye madirisha na viti, na jingine limeachwa wazi nyuma na kufunikwa turubai. Katika wilaya kama Rungwe, ambako mji wa Tukuyu uko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, tofauti hiyo si ya urembo. Inaamua ni nani atafika akiwa mkavu na ni nani atafika akiwa ameloa.

Makala haya yanachunguza maumbo ya bodi za magari yaliyotumika Rungwe tangu miaka ya 1920. Hoja kuu ni kwamba umbo la bodi lilikuwa jibu la swali la kiutawala na la kijamii: je, chombo hiki ni cha kubeba watu au cha kubeba mizigo? Jibu hilo mara nyingi lilitolewa mbali na Tukuyu, katika sheria za kodi, ushuru na leseni. Wakulima, wafanyabiashara na mafundi wa Rungwe walilipokea, kisha wakalirekebisha kwa mbao, mabomba ya chuma na turubai ili likidhi haja ambazo watunga sheria hawakuzizingatia.

Ili kuionyesha hoja hiyo, mjadala unaanza na neno moja ambalo limevuka bahari na kubadilika maana, yaani hadtopu.

2.0 Maana mbili za paa gumu

Katika tasnia ya magari ya Marekani, hadtopu halikuwa jina la kila gari lenye paa la chuma. Lilikuwa jina la umbo mahususi: gari lenye paa la chuma lisilokunjwa, lakini lisilo na nguzo ya kati inayounganisha sakafu na paa ubavuni. Vioo vyote vikishushwa, ubavu wa gari ulibaki wazi kutoka mbele hadi nyuma, nalo likaonekana kama gari la paa la kukunja lililofunikwa kwa muda. Mwaka 1949 kampuni ya General Motors iliingiza sokoni magari matatu ya namna hiyo, Buick Roadmaster Riviera, Cadillac Coupe de Ville na Oldsmobile Holiday, yote ya milango miwili. Mwaka 1955 Buick na Oldsmobile zilitoa hadtopu za milango minne. Mwaka 1956 kampuni ya American Motors ilifikisha wazo hilo kwenye gari refu la familia kupitia Rambler. Kati ya 1957 na 1959 Ford ilikwenda mbali zaidi kwa gari aina ya Skyliner, ambalo paa lake la chuma lilikunjwa na kuingia lote katika buti kwa nguvu ya umeme.

Umbo hilo lilikuwa na gharama. Gari lisilo na nguzo ya kati hupoteza sehemu ya uimara wake, hivyo watengenezaji walilazimika kuongeza chuma katika fremu na sakafu. Kusambaa kwa viyoyozi kulipunguza haja ya kushusha vioo, na mjadala wa usalama uliozaa kanuni ya uimara wa paa iliyoanza kutumika Marekani mwaka 1973 uliwafanya watengenezaji wasite. Hadtopu za mwisho za aina hiyo zilitoka katika viwanda vya Chrysler mwaka 1978.

Katika Kiswahili cha Tanzania neno lilelile lina maana iliyo karibu kinyume. Hadtopu ni gari la kazi lenye paa la bati lisilofunguka, nguzo nene na milango ya nyuma inayofunguka kama ya kabati. Kwa kawaida ni Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70, ambao ulianza kutengenezwa mwaka 1984 na kurithi nafasi ya mfululizo wa 40 wa mwaka 1960. Mmarekani wa 1955 aliponunua hadtopu alinunua paa lililojifanya kwamba linaweza kuondoka. Mtumishi wa wilaya nchini Tanzania anapotaja hadtopu anataja paa ambalo uthamani wake uko katika kutoondoka.

Tofauti hii haikutokana na kosa la tafsiri. Neno lilifika Afrika Mashariki kupitia lugha ya kibiashara ya watengenezaji wa magari ya kazi, ambao walitenganisha gari la paa gumu na gari la turubai. Katika matumizi hayo, kilichopingwa na paa gumu ni mvua, vumbi na wizi. Kwa hiyo, kuuliza kwa nini maana ya pili ndiyo iliyoota mizizi ni kuuliza ni magari gani yaliyofika, na kwa nini mengine hayakufika.

3.0 Magari ya sanduku na malori kabla ya 1945

Kabla ya magari, mzigo wa Rungwe ulibebwa kichwani. Mji wa Tukuyu, ambao Wajerumani waliuita Neu-Langenburg, ulikuwa makao ya utawala yaliyounganishwa na Ziwa Nyasa na maeneo ya jirani kwa njia za wapagazi. Majeshi ya Waingereza yalipouteka mwezi Mei 1916, vita vyenyewe viliendeshwa kwa migongo ya watu. Utawala wa Waingereza uliofuata ndio uliosimamia upanuzi wa barabara za magari, na ugunduzi wa dhahabu katika eneo la Lupa, Chunya, uliongeza haraka haja ya kusafirisha chakula na vibarua kutoka Rungwe kupitia Mbeya.

Magari yaliyotawala Tanganyika katika miaka ya 1920 na 1930 yalikuwa kwa kiasi kikubwa ya asili ya Marekani: Ford, Chevrolet na Dodge. Ford nyingi zilizouzwa katika himaya ya Waingereza zilitengenezwa Kanada, na usukani wake ulikuwa kulia kufuata taratibu za barabara za makoloni. Ford Model T, iliyotengenezwa kati ya 1908 na 1927, ilifaa kwa sababu ilikuwa nyepesi, ilikaa juu ya ardhi, na fundi angeweza kuifungua na kuifunga kwa vifaa vichache.

Jambo muhimu kwa makala haya ni kwamba nyingi ya chesisi hizo hazikubaki na bodi za kiwandani. Afrika Mashariki ilikuza umbo lake yenyewe, gari la sanduku: sehemu ya mbele ya Kimarekani, na nyuma yake kisanduku cha mbao kilichojengwa na maseremala wa huku huku, wengi wao mafundi wa Kihindi wa mijini. Lilikuwa na paa jepesi, pande zilizo wazi nusu au zilizofungwa waya, na mapazia ya turubai yaliyoteremshwa mvua iliponyesha. Malori nayo yalifika yakiwa na injini, kebini na chesisi tupu. Kitanda cha mbao kilijengwa baadaye.

Gari la sanduku halikutofautisha sana watu na mizigo. Asubuhi lilibeba mmishenari au mfanyabiashara na sanduku zake, mchana likabeba magunia na juu ya magunia wakakaa wasaidizi. Lakini tofauti ya hadhi ilikuwapo, nayo ilisomeka katika nafasi. Aliyelipiwa au kuheshimiwa alikaa mbele, chini ya paa. Mtu aliyeajiriwa kupakia na kusukuma alikaa nyuma, juu ya mzigo. Mpangilio huo wa mbele na nyuma uliishi muda mrefu kuliko mbao zilizoujenga.

4.0 Dola, pauni na Land Rover

Hadtopu ya Kimarekani ilizaliwa katika wakati mbaya kwa Tanganyika. Baada ya Vita Kuu ya Pili, nchi zilizotumia pauni ya Uingereza zilikabiliwa na uhaba mkubwa wa dola. Uagizaji wa bidhaa kutoka Marekani ulidhibitiwa, na mwezi Septemba 1949 thamani ya pauni ilishushwa kutoka dola 4.03 hadi dola 2.80. Katika mwaka uleule ambao Buick na Cadillac zilitoa paa lisilo na nguzo, mnunuzi wa Tanganyika alisukumwa na sera ya fedha kuelekea magari ya Uingereza. Hii ni sababu ya kwanza ya hadtopu ya Marekani kubaki ngeni kwa barabara za Rungwe. Ubovu wa barabara ulikuja baada yake.

Gari lililojaza pengo hilo lilitokana na vita vilevile. Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Uingereza ilihitaji bidhaa za kuuza nje ili kupata fedha za kigeni, na chuma cha pua na cha bati kiligawiwa kwa vibali. Ndiyo maana bodi yake ilitengenezwa kwa mabamba ya aloi ya alumini, yaliyokunjwa kwa mistari iliyonyooka isiyohitaji mashine ghali. Umbo la pembe nne ambalo baadaye lilionekana kama alama ya ukakamavu lilikuwa kwanza suluhisho la uhaba.

Maumbo ya Land Rover yaliongezeka kwa mantiki ya kodi. Toleo la kwanza la viti saba, lililojengwa na Tickford kwa fremu ya mbao mwaka 1948, lilihesabiwa na sheria ya Uingereza kuwa gari la binafsi, likatozwa kodi ya ununuzi ambayo toleo la kazi halikutozwa. Liliondolewa mwaka 1951. Matoleo mapya ya abiria yalirudi kuanzia 1954, na katika miaka ya 1960 gari refu la inchi 109 lilipangwa viti 12, kwa sababu gari la idadi hiyo lilihesabiwa kuwa basi na hivyo kusamehewa kodi hiyo. Watatu walikaa mbele, watatu katikati, na sita nyuma katika mabenchi yaliyotazamana. Kwa soko la nchi za joto liliwekwa paa la pili juu ya paa la kwanza, na nafasi baina yao ikapitisha hewa ili kupunguza jua.

Land Rover 109 ilifika Tanganyika, na baadaye Tanzania, katika maumbo manne: turubai, pikapu, paa gumu na gari la abiria. Mgawanyo wake ulifuata ngazi za utawala na huduma. Gari la paa gumu au la abiria lilihusishwa na ofisi ya wilaya, misheni na hospitali. La turubai na pikapu lilihusishwa na kilimo, ujenzi na polisi. Mabenchi yaliyopangwa ili kukwepa kodi ya London yaligeuka kuwa mpangilio wa kawaida wa kusafiri vijijini Tanzania, magoti yakigusana na kuku wakiwa chini ya miguu.

5.0 Mazao, sheria na pikapu

Baada ya uhuru, uchumi wa Rungwe uliongeza aina za mzigo na kila mzigo ulidai bodi yake. Chai ni mfano ulio wazi. Jani bichi likibanwa na kukaa muda mrefu hupata joto na kuharibika kabla ya kufika kiwandani, hivyo gari la majani huhitaji pande zinazopitisha hewa na utaratibu wa kutolundika magunia. Kuanzishwa kwa Mamlaka ya Chai Tanzania mwaka 1968 kuliingiza wakulima wadogo katika mfumo uliotegemea vituo vya kununulia majani na gari lenye bodi ya namna hiyo kufika kwa wakati. Viwanda vya Katumba na Mwakaleli, ambavyo mwanzoni mwa miaka ya 2000 vilikuja kuendeshwa na Wakulima Tea Company, vilirithi mahitaji hayohayo. Ndizi na viazi vilidai kinyume: kitanda kirefu, kingo ndefu na turubai la kuzuia mvua hadi Mbeya na Dar es Salaam.

Mahali ambapo bodi haikujengwa kwa ajili yake ni pale abiria wa kijijini aliposimama. Mabasi yalifuata barabara kuu ya kutoka Uyole kupitia Kiwira, Katumba na Tukuyu kuelekea Kyela na mpakani. Vijiji vya Mwakaleli, Kandete na Lwangwa, vilivyotenganishwa na barabara hiyo kwa makorongo na mito, vilitegemea gari lililokuja kufuata mazao. Mkulima alipanda gari la mizigo kwa sababu mzigo ndio uliolileta.

Sheria ilichora mpaka. Sheria ya Leseni za Usafirishaji na Sheria ya Usalama Barabarani, zote za mwaka 1973, zilitenganisha gari la abiria na gari la mizigo kwa leseni na masharti. Mpaka huo ulikuwa na mantiki ya usalama isiyopingika. Hata hivyo, ulichorwa katika muongo ambao uwezo wa kuagiza magari ulikuwa ukipungua. Vyama vikuu vya ushirika, vilivyokuwa na malori yao, vilivunjwa mwaka 1976 na kazi yao kupewa mamlaka za mazao. Vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979 na uhaba wa fedha za kigeni vilifanya vipuri na matairi kuwa adimu. Gari lililobaki barabarani lilifanya kazi zote.

Serikali iliporuhusu mwaka 1984 uagizaji kwa fedha za waagizaji wenyewe, pikapu zilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizoingia. Kwa sheria pikapu ilikuwa chombo cha mizigo. Kwa matumizi ikawa basi dogo. Mafundi walichomelea mabomba kuwa fremu, wakafunga turubai juu, wakapanga mbao mbili kuwa mabenchi. Dar es Salaam magari ya namna hiyo yaliitwa chai maharage, kwa kuwa abiria walitazamana kama walioketi mezani. Jina hilo la mjini lilieleza umbo ambalo watu wa vijijini walikwisha kulizoea katika sehemu ya nyuma ya Land Rover 109.

Mtazamo wa kihistoria unaruhusu kuona mwendelezo hapa. Seremala wa gari la sanduku la miaka ya 1920 na mchomeleaji wa pikapu ya miaka ya 1980 walifanya kazi moja: walichukua chesisi iliyoamuliwa na wengine, wakaijengea nafasi ya mtu. Tofauti ni kwamba wa kwanza alifanya biashara halali, na wa pili alifanya kazi ambayo askari wa barabarani angeweza kuisimamisha wakati wowote.

6.0 Majina kama ushahidi

Tangu miaka ya 1990, ongezeko la magari yaliyotumika kutoka Japani lilibadilisha sura ya barabara ya Tukuyu. Haisi na Costa zilichukua njia kuu, Kenta na Fuso zikachukua mazao. Kwa mara ya kwanza abiria wengi wa njia kuu walikaa ndani ya bodi iliyobuniwa kiwandani kuwa na madirisha, ingawa Haisi nyingi ziliongezewa viti kuliko zilivyokusudiwa.

Katika kipindi hicho Kiswahili kilizaa msamiati wa bodi ambao unastahili kusomwa kama chanzo cha kihistoria. Shangingi, neno lililotumiwa kwa mwanamke mjuzi wa mambo ya mjini, likahamia kwenye Land Cruiser ya kifahari ya viongozi, na katika mijadala ya bajeti likawa kipimo cha matumizi ya serikali. Difenda, kutokana na Land Rover Defender, likawa jina la gari la wazi la polisi ambalo askari hukaa wakitazama nje, hata pale gari lenyewe lilipokuwa la kampuni nyingine. Mkonga likawa jina la Land Cruiser ya kazi yenye bomba la hewa lililopandishwa ubavuni mwa kioo cha mbele. Hadtopu likabaki jina la gari ambalo mwananchi hukutana nalo zaidi likiwa gari la wagonjwa, la chanjo au la mradi.

Majina haya hayapangi magari kwa ukubwa wa injini wala kwa kampuni. Yanayapanga kwa uhusiano wake na mtu wa kawaida: lile linalompita, lile linalomkamata, lile linalomchukua akiwa mgonjwa. Gari analolipia yeye mwenyewe kupanda hubaki na majina ya Haisi na Noah, au halina paa kabisa, kama bodaboda inayopanda leo katika milima ya Busokelo ambako gari la abiria halifiki kila siku. Kanuni za mwaka 2010 zilizoziingiza pikipiki na bajaji katika mfumo wa leseni zilitambua kisheria chombo cha abiria kisicho na bodi yoyote.

Kwa kipimo hicho, safari ya karne moja haiendi kwa mstari kutoka uwazi hadi paa. Mgonjwa wa Kandete anayepelekwa hospitali ya Itete anaweza kusafiri ndani ya hadtopu ikiwa gari la wagonjwa lipo, au mgongoni mwa pikipiki akiwa ameshikwa na ndugu yake ikiwa halipo. Maumbo yote ya historia hii yapo kwa wakati mmoja, na kinachoamua ni lipi litakalomchukua ni umbali wake kutoka barabara ya lami na kutoka kwa wenye madaraka ya kugawa magari.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba bodi ya gari wilayani Rungwe ni hati ya kihistoria. Uhaba wa chuma ulinyoosha mistari ya Land Rover, kodi ya Uingereza ilihesabu viti vyake, uhaba wa dola uliizuia hadtopu ya Marekani, mahitaji ya jani bichi yaliacha wazi pande za gari la chai, na sheria za 1973 ziliigeuza pikapu yenye mabenchi kuwa kosa. Rungwe haikuamua hata moja kati ya masharti hayo, isipokuwa yale yaliyotokana na mazao na mvua yake.

Matokeo haya yana uzito nje ya historia ya teknolojia. Mijadala ya ajali za barabarani huelekea kumwona abiria aliyepanda juu ya magunia kama mtu asiye na nidhamu. Ushahidi wa maumbo ya magari unaonyesha kwamba kwa sehemu kubwa ya karne iliyopita magari yaliyofika vijijini yalipangwa kwa ajili ya mazao na kwa ajili ya watumishi, na mkulima aliyeyalima mazao hayo alipaswa kujitafutia nafasi kati ya viwili hivyo. Marufuku inayomshusha kutoka kwenye gari la mizigo bila kumletea gari la abiria humwacha njiani, kwenye mvua ileile iliyofanya paa kuwa na thamani.

Utafiti zaidi unahitajika kuhusu karakana za bodi za Tukuyu, Kiwira na Mbeya, kabla ya kizazi cha mafundi waliochomelea pikapu za miaka ya 1980 kupita. Kazi zao zimeoza au kuuzwa chuma chakavu, nazo hazikuchorwa katika ramani ya kiwanda chochote. Historia ya usafiri wa wilaya hii haitakamilika hadi mafundi hao waingizwe ndani yake pamoja na wahandisi waliopima barabara.